Pampu ya moyo inapobadili mvumo

Mtu anayeishi na pampu ya moyo hufundishwa jambo ambalo wengi wetu tungeona haya kulitaja mbele za watu: kila aendapo chooni, atazame rangi ya mkojo wake kabla ya kumwaga maji. Ukiwa wa manjano kama siku zote, aendelee na shughuli zake. Ukiwa umekolea kama chai ya mkandaa, au kama soda nyeusi, asingoje tarehe ya kliniki. Apige simu hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa rangi hiyo yaweza kuwa taarifa ya kwanza kwamba damu imeanza kuganda ndani ya mashine inayomweka hai.

Kila ninaporudi kwenye habari za pampu hizi nakutana na jambo lilelile. Mara nyingi bonge la damu halimvamii mgonjwa kwa kushtukiza, kama tunavyodhani. Hutangulia kutoa ishara, siku au hata wiki kadhaa kabla: kwenye mkojo, kwenye kipimo cha damu, kwenye umeme unaotumiwa na mota, na hata kwenye mvumo wa pampu yenyewe. Tofauti kati ya anayepona na anayezikwa imekuwa, mara nyingi mno, ni kama ishara hizo zilimpata mtu wa kuzisikia mapema.

Mashine yenyewe haifiki nusu kilo. Daktari wa upasuaji huishona kwenye ncha ya moyo, ikavuta damu kutoka ventrikali ya kushoto, chumba kikuu cha moyo cha kusukuma damu, na kuisukuma hadi kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili, kupitia bomba la kitambaa. Waya mmoja hutokeza nje kwenye ngozi ya tumbo na kuungana na kidhibiti kinachovaliwa kiunoni pamoja na betri mbili. Hupewa watu ambao mioyo yao imechoka kiasi kwamba dawa hazifui dafu tena. Wapo wanaoitumia wakisubiri kupandikizwa moyo wa mtu mwingine, na wapo wasiofaa kupandikizwa, ambao wataishi nayo hadi mwisho wa maisha yao.

Wazo lake lina mizizi barani kwetu. Mwaka 1976 daktari wa Kimarekani, Richard Wampler, alikuwa katika kijiji cha El Bayad nchini Misri, akawaona wanakijiji wakipandisha maji kwa parafujo kubwa iliyo ndani ya bomba, chombo cha kale kinachohusishwa na jina la Archimedes. Ukizungusha mpini, maji yanapanda mfululizo. Wampler akajiuliza kwa nini damu isisukumwe hivyo, kwa kitu kinachozunguka, badala ya mashine kubwa za wakati ule zilizoiga moyo kwa kudunda. Kilichozaliwa ni Hemopump, iliyotumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988 mjini Houston, mikononi mwa daktari wa upasuaji O. H. Frazier. Kampuni ya Nimbus iliyoitengeneza ndiyo iliyoanza baadaye kazi iliyozaa HeartMate II, pampu iliyoidhinishwa Marekani mwezi Aprili 2008 na kuwekwa katika miili ya maelfu ya watu. Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa nchi hiyo, aliwekewa Julai 2010 na akaishi nayo kwa miezi 20 hadi alipopandikizwa moyo Machi 2012.

Kwa sababu pampu inazunguka bila kupumzika, wengi wa wagonjwa hawa ukiwashika kifundo cha mkono huyasikii mapigo. Mashine ya kawaida ya presha hushindwa kuwapima. Muuguzi hulazimika kutafuta mtiririko wa damu kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Kwa hiyo alama ambazo madaktari wamezitegemea kwa karne nyingi zinakuwa bubu, na kugundua tatizo kunahitaji masikio mapya.

Damu ikigusa chuma

Ukijikata kisu jikoni, kuganda kwa damu ndiko kunakokuokoa. Shida ni kwamba damu haina namna ya kujua kuwa chuma kilichowekwa moyoni ni rafiki. Mwaka 1856 daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow alichapisha kazi yake juu ya mabonge ya damu, na hadi leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa kwa jina lake mambo matatu yanayoigandisha damu mahali isipotakiwa: mtiririko uliovurugika, ukuta wa mshipa ulioumia, na damu yenyewe iliyo tayari kuganda. Pampu inayagusa yote matatu kwa pamoja. Katika HeartMate II rota huzunguka takriban mara 9,000 kwa dakika, ikiegemea beringi ndogo za yakuti zinazooshwa na damu inayopita. Penye beringi panazaliwa joto, na damu hujizungushia pale badala ya kupita moja kwa moja. Bonge huanza kama utando mwembamba, likakua tabaka juu ya tabaka.

Ndiyo maana kila mgonjwa hupewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na hupimwa mara kwa mara kipimo cha INR, ambacho kwa kawaida hutakiwa kubaki kati ya 2 na 3. Kikishuka, pampu inaweza kuziba. Kikipanda sana, mgonjwa anaweza kuvuja damu tumboni au kwenye ubongo. Na kuvuja kwenyewe kunachochewa na pampu, kwani nguvu ya rota hukatakata protini ya von Willebrand, ile inayosaidia chembe sahani kushikamana penye jeraha. Mgonjwa na daktari wake wanavuka mto juu ya ulalo wa mti mmoja, na kila upande una maji marefu.

Sasa turudi kwenye ule mkojo. Bonge likibana njia, chembe nyekundu za damu hulazimika kupenya kwenye upenyo mwembamba kwa kasi kubwa, zikapasuka. Himoglobini iliyomo ndani yake humwagika kwenye maji ya damu, figo zikaichuja, na mkojo ukageuka mkandaa. Lakini kabla macho hayajaona kitu, maabara ilishaweza kuona. Chembe zinapopasuka humwaga pia kimeng'enya kiitwacho LDH, na kiwango chake hupanda mapema. Kipimo hiki si kipya wala si cha ajabu. Kilikuwapo miaka mingi kikitumika kwa magonjwa ya ini na ya damu, kabla madaktari wa pampu hawajatambua kwamba kinawahusu.

Hospitali 3 zilipohesabu pamoja

Mwishoni mwa mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti ulioongozwa na Randall Starling wa Cleveland Clinic, na kwangu mimi ndio moyo wa habari hii yote. Cleveland Clinic, hospitali ya Barnes-Jewish ya St. Louis na chuo kikuu cha Duke ziliweka kumbukumbu zao mezani: wagonjwa 837 waliowekewa HeartMate II. Hadi Machi 2011, pampu zilizothibitika kuziba kwa bonge ndani ya miezi 3 ya mwanzo zilikuwa asilimia 2.2. Kufika Januari 2013 zilikuwa asilimia 8.4. Zamani bonge lilichukua muda wa kati wa miezi 18.6 kujitokeza, sasa lilijitokeza katika miezi 2.7.

Hebu mfikirie daktari mmoja katika hospitali moja kati ya hizo. Mwaka huu ameona pampu tatu zimeziba, mwaka jana aliona moja. Atasema ni bahati mbaya, au mgonjwa hakumeza dawa, au upasuaji ulikuwa mgumu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ilihitajika hospitali tatu, ambazo kwa kawaida hushindania wagonjwa na sifa, zikubali kuonyeshana vifo vyao ili picha ijitokeze. Naliheshimu jambo hilo kuliko uvumbuzi mwingi wa maabara, kwa sababu hakuna hospitali inayopenda kuchapisha kwamba wagonjwa wake wanapata madhara kuliko zamani.

Utafiti huo ulitoa mambo mawili ambayo yalibadili kazi za wodini. La kwanza ni kwamba LDH ilitabiri. Katika wiki zilizotangulia kuthibitishwa kwa bonge, kiwango kilipanda kutoka wastani wa 540 hadi 1,490, karibu mara tatu. Yaani mgonjwa alikuwa akikaa nyumbani, akila na kucheka na wanawe, huku damu yake imekwisha kutoa habari. La pili linauma zaidi. Waliobadilishiwa pampu au kupandikizwa moyo baada ya bonge kugunduliwa waliendelea kuishi sawasawa na wale ambao hawakupata bonge. Waliobaki na pampu ileile, wakitibiwa kwa dawa peke yake, asilimia 48.2 walikufa ndani ya miezi 6.

Karibu nusu. Hapo ndipo neno "mapema" linapopata uzito wake. Kubadilisha pampu ni upasuaji mkubwa, na anayeuvumilia ni mgonjwa ambaye figo zake bado zinafanya kazi na mapafu yake hayajajaa maji. Ukichelewa wiki mbili, mgonjwa yuleyule anaweza kuwa amefikia hali ambayo hakuna daktari wa upasuaji anayethubutu kumgusa. Dawa za kuyeyusha bonge zipo, lakini mtu aliyekwisha kutumia warfarini ukimwongezea dawa hiyo unamweka karibu na kuvuja damu ubongoni.

Kwa nini mabonge yaliongezeka ghafla, jibu moja halikupatikana. Lakini utaratibu ulikuwa umebadilika. Kwa kuogopa kuvuja damu, hospitali nyingi zilikuwa zimepunguza heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, katika siku za kwanza baada ya upasuaji na kukubali INR ya chini zaidi. Nyingine zilipunguza kasi ya pampu ili vali ya aota ipate nafasi ya kufunguka. Kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri ukiutazama peke yake. Baadaye utafiti uliopewa jina la PREVENT, wa wagonjwa 300, ulifuatilia mambo matatu: pampu ikae vizuri mahali pake, heparini itangulie warfarini, na kasi isishuke chini ya mizunguko 9,000. Pale yote matatu yalipozingatiwa, waliopata bonge ndani ya pampu walikuwa asilimia 1.9, yasipozingatiwa yote, asilimia 8.9.

Mota inayolalamika

Ishara ya umeme inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo inayowapotosha wasioizoea. Aliyewahi kumiliki kisima cha mota anajua: mchanga ukiingia, mota hukaza, ikala umeme mwingi kuliko kawaida. Pampu ya moyo hufanya vivyo hivyo bonge linapong'ang'ania rota. HeartMate II iliyozoea kutumia wati 6, ikifika 10 na kubaki huko, ni jambo la dharura hata kama mgonjwa anasema hajambo.

Lakini skrini ya pampu huonyesha pia kiasi cha damu kinachosukumwa kwa dakika, na kiasi hicho katika pampu nyingi hakipimwi. Hukokotolewa kutokana na umeme uliotumika na kasi ya rota. Kwa hiyo bonge likiifanya mota ikaze, mashine hudhani inasukuma damu nyingi, na namba inapanda. Mgonjwa anapumua kwa shida, miguu imevimba, na skrini inasema mambo ni mazuri kuliko jana. Muuguzi asiyefundishwa hili atafurahi. Na kama kizuizi kiko kwenye mlango wa kuingilia au kwenye bomba la kutokea, basi umeme hushuka badala ya kupanda. Mahali bonge lilipo ndipo panapoamua ishara itasomwa vipi, na kwa sababu hiyo madaktari hawakubali kuamini namba moja peke yake.

Mwaka 2012 madaktari wa chuo kikuu cha Columbia, New York, walieleza njia ya kuibana pampu iseme ukweli. Mgonjwa hulazwa kwenye kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, kisha kasi ya pampu hupandishwa hatua kwa hatua, kuanzia mizunguko 8,000, ikiongezwa 400 kila baada ya dakika mbili, hadi kufika 12,000 kama mgonjwa anaweza kuvumilia. Pampu nzima ikiongezewa kasi huvuta damu zaidi, na ventrikali ya kushoto hunywea mbele ya macho yako. Pampu iliyoziba unaiongezea kasi na ventrikali inabaki na ukubwa uleule, imejaa kama ndoo. Hakuna kukatwa wala kuchomwa sindano.

Kisha kuna sikio. Pampu nzima ina mvumo wa aina moja, laini, kama feni iliyo chumba cha pili. Wauguzi wazoefu huweka kifaa cha kusikilizia kifuani na kujua kuna kitu kabla majibu ya maabara hayajarudi. Watafiti wa hospitali ya moyo ya Berlin waliuchukulia ujuzi huo kwa uzito: waliirekodi milio ya pampu za aina nyingine, HVAD, wakaichambua kwa kompyuta, na kukuta kwamba bonge likishika rota huzuka mlio wa ziada ambao haukuwapo pampu ilipokuwa safi. Nimelipenda hilo. Kompyuta imethibitisha kile ambacho sikio la muuguzi wa zamu ya usiku lilikwishakijua.

Pampu mpya, mahali papya

Wahandisi nao hawakulala. HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, haina beringi. Rota yake inaelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusa kitu, nafasi za kupitisha damu ni pana, na kila baada ya sekunde mbili hubadili kasi kwa kitambo kidogo ili damu isilale pembeni. Katika jaribio la MOMENTUM 3, la wagonjwa 1,028, waliopata bonge au kushukiwa kuwa nalo katika miaka miwili walikuwa asilimia 1.4, wakati kwa HeartMate II walikuwa asilimia 13.9. Baada ya miaka 5, asilimia 58.4 ya waliopewa pampu mpya walikuwa hai, dhidi ya 43.7. Mwaka 2021 kampuni ya Medtronic iliacha kuuza pampu yake ya HVAD. Mwaka 2023 jaribio jingine lilionyesha kwamba wenye HeartMate 3 wanaweza kuachana na aspirini, wakabaki na warfarini au dawa inayofanana nayo, na kuvuja damu kukapungua kwa takriban theluthi moja bila mabonge kuongezeka.

Lakini Aprili 2024 ilitoka tahadhari nyingine, kuhusu HeartMate II na HeartMate 3. Safari hii damu ya ndani ya pampu haikuwa na kosa. Uchafu wa kibiolojia hujikusanya taratibu nje ya bomba la kutolea damu, kati ya bomba na kifuniko chake, ukalikaba kutoka nje, na kwa kawaida huchukua miaka miwili au zaidi. Taarifa iliyotolewa Marekani ilitaja watu 273 waliodhurika na vifo 14. Hapa LDH huenda isipande na mkojo usibadilike. Kinachoonekana ni namba ya mtiririko inayoshuka kidogo kidogo, kengele ya mtiririko hafifu inayolia mara moja, kisha mara mbili, na mgonjwa anayechoka akipanda ngazi alizozizoea. Picha ya CT ndiyo hutoa jibu. Kliniki iliyozoea kutafuta bonge kwenye rota sasa lazima ijifunze kutazama sentimita chache mbele yake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Kampala anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu yule kijana wa jirani aliyepatwa na homa ya baridi yabisi utotoni, vali ya moyo ikaharibika, akawekewa ya chuma. Hospitali kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na Taasisi ya Moyo ya Uganda zinawahudumia wengi kama yeye. Humeza warfarini ileile na hupimwa INR ileile, na wengi huruka kipimo kwa sababu nauli ya kufika kliniki imeshindikana mwezi huu. Huambiwa na majirani wasiguse kabisa kisamvu, mchicha wala matembele, wakati ushauri sahihi ni kula kiasi kisichobadilikabadilika, maana ni kupanda na kushuka kwa vitamini K ya mboga hizo kunakoivuruga dawa. Na damu ikianza kuganda kwenye vali, nayo hutoa taarifa.

Vali ya chuma hulia kama saa ndogo kila inapojifunga. Mchana, kwenye kelele za mtaa, haisikiki. Usiku nyumba ikitulia inasikika hadi upande wa pili wa kitanda, na anayelala hapo huizoea mpaka akawa haisikii tena, isipokuwa siku inapofifia. Mke akiamka saa nane za usiku na kusema, "Baba Neema, leo saa yako siisikii," Baba Neema asigeuke upande wa pili kulala. Avae viatu waende.